Miembe ya Ujiji

Ukifika Ujiji tafuta miembe mikongwe. Simama chini ya mmoja, utazame unaofuata, kisha ule wa mbele yake. Hapo ilipita njia ya misafara itokayo Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Walipita wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu mabegani, wakapita watumwa shingo zikiwa kwenye minyororo, na mwaka 1871 akapita Stanley akimtafuta Livingstone.

Njia ile haikuuawa na magugu. Kwanza maji yaliikimbia. Miaka ya 1870 Ziwa Tanganyika lilijaa hadi likajifungulia njia kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, kisha likashuka. Ndiyo maana mnara wa kumkumbuka Livingstone, uliopo mahali palipokuwa karibu na maji, sasa uko mbali na ufuko. Halafu ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 ikafika ziwani, lakini si Ujiji bali Kigoma, penye ghuba ya kina kirefu. Kutoka hapo hadi Ujiji ni mwendo mfupi tu, nao ulitosha kuhamisha biashara.

Kusini mwa ziwa kuna kisa kinachoniuma zaidi. Mwaka 1881 tajiri wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ijengwe barabara ya kuunganisha Nyasa na Tanganyika. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883, na baadaye barabara ikaishia njiani. Hata hivyo mkataba wa mwaka 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani uliitaja katika kuchora mipaka. Barabara isiyokamilika ikafaa kugawa nchi za watu kabla ya kumfaa msafiri.

Basi tunapodai barabara ya lami, na tuna haki ya kuidai, tuulize pia inaishia wapi. Ikifika ufukweni, je, kuna gati? Kuna mahali pa kuwekea dagaa mvua ikinyesha, au yule mama aliyewaanika mchangani tangu alfajiri atawakusanya mbiombio na kanga?

Na katika baadhi ya vijiji jirani na Hifadhi ya Gombe, tegemeo kubwa la usafiri limekuwa boti. Huko mama akishikwa na uchungu usiku, ndugu zake hutoka nje kwanza kusikiliza upepo.