Mashabiki na Uuzaji wa Timu za Besiboli Marekani: Vipimo Vyao na Uzito wa Sauti Yao

1. Umiliki na kura ya kuuza

Timu ya besiboli ya kulipwa nchini Marekani ni mali ya mtu, familia au kundi la wawekezaji. Ligi Kuu ya Besiboli (MLB) ina timu 30, na mnunuzi wa timu yoyote hawi mmiliki kamili mpaka akubaliwe na robo tatu ya wamiliki, yaani 23 kati yao. Shabiki hamo katika kura hiyo. Hana kadi ya uanachama wala mkutano mkuu wa kuhojia mapato na matumizi, kama walivyo nao wanachama wa Simba na Yanga. Alichonacho ni tiketi, jezi na malipo ya kila mwezi ya televisheni.

Hata hivyo shabiki si mteja wa kawaida. Mteja asiyeridhika huhamia duka jingine, lakini miji mingi ina timu moja tu ya ligi kuu, na mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya kuzuia ukiritimba haiugusi mchezo huu. Isitoshe, viwanja vingi vimejengwa kwa fedha za walipa kodi. Kwa sababu hizo mashabiki huuona uuzaji wa timu kuwa jambo la umma, ilhali mkataba wenyewe hufungwa faraghani.

Wamiliki nao wamelinda mpaka huo kwa makusudi. Katika miaka ya 1980 Joan Kroc, mjane wa Ray Kroc wa McDonald's, alitaka kuutunuku mji wa San Diego timu yake ya Padres. Ligi haikuafiki timu kumilikiwa na mji, na mwaka 1990 Padres ikauzwa kwa kundi lililoongozwa na Tom Werner.

2. Vipimo vitatu

Maoni ya mashabiki kuhusu uuzaji huonekana kuwa kelele za hasira au shangwe, lakini yakichambuliwa hurudi kwenye maswali matatu. La kwanza: timu itabaki mjini? La pili: mmiliki mpya atatoa fedha za kusajili na kubakiza wachezaji? La tatu: atawaheshimu watu wanaoingia uwanjani? Maswali haya hayana uzito sawa. Likishatiliwa shaka la kwanza, mengine mawili husahaulika.

Ushahidi mzuri ni wa mwaka 1992. Mjini Seattle, timu ya Mariners ilikuwa mbioni kuhamia Florida. Aliyejitokeza kuiokoa ni Hiroshi Yamauchi, rais wa kampuni ya Nintendo ya Japani, ambayo tawi lake la Marekani lilikuwa jirani na Seattle. Uongozi wa ligi ulisita kumkabidhi timu mgeni kutoka nje ya Amerika Kaskazini, na hatimaye ukakubali kwa sharti kwamba nguvu yake ya kura iwe chini ya nusu. Watu wa Seattle walikuwa upande wake. Uraia wake haukuwasumbua maadamu timu ilibaki, na kwa miaka yote ya umiliki wake hakuwahi kwenda kuitazama Mariners ikicheza.

Mwaka huohuo mmiliki wa San Francisco Giants, Bob Lurie, alikubali kuiuza timu kwa wawekezaji wa eneo la Tampa Bay kwa dola milioni 115. Wamiliki wenzake waliikataa biashara hiyo, na timu ikaenda kwa kundi la wenyeji lililoongozwa na Peter Magowan kwa dola milioni 100. Magowan alimsajili nyota Barry Bonds mara moja, akajibu kipimo cha pili baada ya kile cha kwanza.

3. Los Angeles: shangwe na gharama yake

Frank McCourt aliinunua Los Angeles Dodgers mwaka 2004 akitegemea mikopo mingi. Ndoa yake ilipovunjika mwaka 2009, kesi ya talaka ilianika jinsi mapato ya klabu yalivyogharimia maisha ya kifahari ya familia. Mashabiki walijibu kwa kubaki nyumbani. Mahudhurio yaliyokuwa zaidi ya milioni 3.5 mwaka 2010 yalishuka chini ya milioni 3 mwaka 2011. Aprili mwaka huo Kamishna wa ligi, Bud Selig, aliweka msimamizi wake juu ya shughuli za klabu, na Juni klabu ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi.

Mwaka 2012 Dodgers iliuzwa kwa kundi la Guggenheim kwa dola bilioni 2.15, bei ambayo hakuna timu ya michezo iliyokuwa imewahi kuifikia. Kiongozi wa fedha alikuwa Mark Walter, lakini sura iliyotangulizwa mbele ya umma ni ya Magic Johnson, nyota wa mpira wa kikapu anayependwa mno mjini humo. Tangazo mojawapo la mwanzo lilikuwa kupunguza ada ya maegesho kutoka dola 15 hadi 10. Kwa klabu ya bilioni mbili hicho ni kiasi kidogo, lakini kiligusa kero ya kila anayefika uwanjani kwa gari, nayo ni takriban hadhira nzima ya Dodgers. Manung'uniko yaliyobaki yalihusu ardhi ya maegesho yenyewe, kwa kuwa McCourt aliendelea kuwa na hisa ndani yake.

Baadaye ilidhihirika kwamba bei kubwa ya kununulia hudai mahali pa kurudishia fedha. Klabu iliingia mkataba wa televisheni wa miaka 25 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 8, na kuanzia mwaka 2014 michezo ikahamia chaneli ambayo kampuni nyingi za televisheni zilikataa kuibeba kwa bei iliyotakiwa. Mpaka mwaka 2020 nyumba nyingi za Los Angeles hazikuweza kuitazama timu yao. Mtangazaji Vin Scully, aliyeanza kazi na Dodgers mwaka 1950, alistaafu mwaka 2016, na mashabiki wengi waliikosa misimu yake ya mwisho. Mmiliki yuleyule aliyefaulu kipimo cha fedha, kwa kuleta mataji ya World Series ya 2020, 2024 na 2025, alilaumiwa kwa miaka sita kwenye kipimo cha heshima.

4. New York: tajiri aliye shabiki

Familia ya Wilpon, iliyokuwa ikiimiliki New York Mets, ilitikiswa na utapeli wa uwekezaji wa Bernard Madoff uliofichuka mwaka 2008, na timu ikaanza kubana matumizi. Steve Cohen alipoinunua mwaka 2020 kwa takriban dola bilioni 2.4, mashabiki walikuwa na sababu mbili za kushangilia: utajiri wake, na kwamba alikulia Long Island akiishabikia Mets. Kabla ya makabidhiano alikuwa tayari akiwauliza mashabiki kwenye Twitter wangependa kipi kirekebishwe.

Hata hivyo, mwaka 2013 kampuni yake ya uwekezaji, SAC Capital, ilikuwa imekiri mahakamani makosa ya kufanya biashara ya hisa kwa taarifa za siri. Wamiliki wanne walimpigia kura ya hapana, 26 wakamkubali. Kwa mashabiki wengi habari hiyo haikuwa kikwazo. Mwaka 2023 Mets ilitumia bajeti ya mishahara iliyovunja rekodi ya ligi, ikamaliza msimu kwa kushinda michezo 75 na kupoteza 87. Lawama nyingi ziliangukia wachezaji na waliowachagua. Mmiliki anayetoa fedha huvumiliwa kushindwa kwa muda mrefu kuliko yule anayezibana.

5. Oakland: ombi lililokataliwa

Mjini Oakland mashabiki wenyewe ndio waliodai timu iuzwe. John Fisher, mmiliki wa Athletics, aliwaachia wachezaji bora mmoja baada ya mwingine huku bei za tiketi za msimu zikipandishwa, na mwaka 2022 timu ikawa na mahudhurio madogo kuliko zote ligini. Aprili 2023 ikatangazwa mipango ya kuhamia Las Vegas, na uhaba wa watazamaji ukawa hoja ya kuhalalisha kuhama.

Mashabiki wakageuza mbinu. Badala ya kususia, Juni 13, 2023 walijaa uwanjani. Watu 27,759 walihudhuria, na maelfu waligawiwa fulana za kijani zenye agizo moja kifuani: uza. Mwanzoni mwa awamu ya tano walinyamaza, kisha wakapaza sauti kwa pamoja wakimtaka mmiliki aiuze timu. Athletics iliifunga Tampa Bay Rays 2 kwa 1. Klabu iliahidi kutoa mapato ya tiketi za siku hiyo kwa hisani, lakini kuhusu kuuza haikusema lolote.

Wiki hiyohiyo Jimbo la Nevada liliidhinisha hadi dola milioni 380 za umma kwa uwanja mpya, na Novemba wamiliki wote 30 wakakubali timu ihame. Mchezo wa mwisho Oakland, Septemba 26, 2024, ulihudhuriwa na watu 46,889. Msimu uliofuata timu ilicheza West Sacramento ikisubiri uwanja wa Las Vegas.

6. Baltimore na Minnesota: uuzaji uliochelewa na uuzaji ulioghairiwa

Peter Angelos aliinunua Baltimore Orioles mwaka 1993 kwa dola milioni 173, akapokewa kama mwenyeji aliyeirudisha timu mikononi mwa wenyeji. Kuanzia mwaka 1998 timu ilipitia misimu 14 mfululizo ya kupoteza zaidi ya kushinda. Septemba 2006 takriban mashabiki 1,000 walitoka uwanjani mchezo ukiendelea, saa 11 na dakika 8 jioni. Kwa saa za Marekani hiyo ni 5:08, nambari za jezi za magwiji wa timu hiyo, Brooks Robinson na Cal Ripken. Mwaka 2024 familia ya Angelos iliiuza timu kwa dola bilioni 1.725 kwa kundi la David Rubenstein, mzaliwa wa Baltimore. Majuma machache baadaye bilionea huyo alionekana jukwaani akiwarushia mashabiki maji kwa mpira wa bustani, burudani iliyokuwa desturi ya eneo hilo la uwanja. Bashasha hiyo ilimjengea upendo, lakini timu ilipomaliza ya mwisho katika kundi lake mwaka 2025, maswali ya fedha yalirudi.

Minnesota ilionja kinyume chake. Familia ya Pohlad, iliyoimiliki Twins tangu 1984, ilitangaza Oktoba 2024 kwamba inatafuta mnunuzi. Agosti 2025, siku chache baada ya timu kuwaachia wachezaji wengi kwa mkupuo, familia ikasema itabaki na kuongeza wanahisa wadogo tu. Hasira iliyofuata ilikuwa na mizizi ya tangu mwaka 2001, wamiliki walipopiga kura ya kufuta timu mbili na Twins ikatajwa kuwa mojawapo. Timu ilipata baadaye uwanja mpya, uliofunguliwa mwaka 2010 kwa msaada mkubwa wa kodi ya mauzo ya wilaya. Walipa kodi hao walihisi wamekwisha kutoa mchango wao.

7. Mahali sauti inapofika

Mifano hii inaonyesha kwamba maoni ya mashabiki hayaamui uuzaji yakiwa peke yake. Hupata nguvu panapokuwa na mnunuzi aliye tayari kuiacha timu ilipo, kama Seattle na San Francisco. Hupata nguvu pia ligi inapoona sifa yake na mapato ya klabu kubwa vinaharibika, kama Los Angeles. Oakland haikuwa na lolote kati ya hayo: mmiliki hakutaka kuuza, na jimbo jingine lilikuwa limeweka fedha mezani. Kususia nako kuna makali mawili, maana viti vitupu humwumiza mmiliki na papo hapo humpa sababu ya kuondoka.

Njia za mashabiki kumiliki wenyewe zipo, ila ziko pembeni. Rochester Red Wings, timu ya ligi ya chini, inamilikiwa na wanahisa wa jamii tangu mwaka 1957. Oakland Ballers, iliyoanzishwa katika ligi ya kujitegemea baada ya Athletics kutangaza kuondoka, imewauzia hisa zaidi ya mashabiki 2,000. Katika ligi kuu, hisa za Atlanta Braves zinanunulika sokoni, lakini mamlaka ya kura yamebaki kwa wachache. Kwa hiyo kinga ya kweli ya mji haitokani na mauzo, bali na mkataba wa uwanja: muda wake, masharti ya kuhama na malipo ya kuuvunja, mambo ambayo wawakilishi waliochaguliwa na mashabiki hao hao huwa na kura juu yake.