Neno "Mpagani" na Majirani Zetu

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu, mkazi wa Nangara, katika sherehe ya kumbukumbu ya hekalu)



Kamati imeniomba nizungumzie imani za majirani. Nimechagua neno moja tu, kwa kuwa limewahi kurushwa juu ya ukuta wa hekalu hili na juu ya maboma ya wazee wetu vilevile: mpagani.

Asili yake ni Kilatini. Pagus ilikuwa eneo la mashambani, na paganus ni mtu wa huko. Wataalamu hubishana jinsi jina la mtu wa shamba lilivyogeuka kuwa jina la asiye Mkristo. Lisilobishaniwa ni kwamba walioitwa hivyo hawakujichagulia jina hilo. Kufikia mwaka 391, Kaisari Theodosius alikwisha kupiga marufuku kafara na kuyafunga mahekalu ya kale ya Rumi. Siku hizi wako Wazungu wanaojiita wapagani kwa hiari yao. Nchini Iceland jumuiya ya namna hiyo ilitambuliwa na serikali mwaka 1973.

Jina Mhindu nalo lilitoka nje. Ni la mto Sindhu, ambao Waajemi waliutamka kwa "h", wakawaita hivyo watu wa ng'ambo yake. Hapa Babati mnawafahamu Wabarbaig, ambao wengi huwaita Wamang'ati. Neno hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni maadui! Hebu fikirini mtu kuandikishwa shuleni kwa jina la adui.

Wanaoitwa wapagani, basi, huamini nini? Swali lina kasoro, kwa maana hawana imani moja. Wairaqw wa jadi humtaja Looaa, anayehusishwa na jua, naye husemwa kwa sura ya mama: mwenye huruma, mwenye kuleta mvua. Kando yake wako netlaang'w, roho za chemchemi na mito, ambazo huogopwa. Mzee wa jadi hakati mti wa chemchemi ovyo, na atakayecheka itikadi hiyo na aende kwanza akatazame chemchemi zilizokauka. Wabarbaig humwita Mungu Aseeta, naye pia huhusishwa na jua. Mzee wao mwenye heshima akifa, huweza kufanyiwa bung'eda: kaburi huinuliwa kuwa kichuguu kikubwa kwa muda wa miezi, na majirani wengi hualikwa.

Sisemi kwamba hayo ni sawa na Uhindu. Kuyachanganya kungekuwa ni kuwakosea adabu wote wawili. Lakini anayemtolea maji Surya alfajiri, na kuwaandalia mababu tonge za wali katika siku za shraddha, hawezi kushangaa kumwona jirani akimwaga pombe chini kwa ajili ya wazee waliotangulia.

Jambo linalonisumbua ni msibani. Akifariki mtu asiye na kanisa wala msikiti, husikika minong'ono: huyu nani atamwombea? Wengine huondoka kabla ya kaburi kufukiwa. Ninyi nanyi mmeyasikia maneno ya namna hiyo siku za kuchoma maiti. Katiba yetu, ibara ya 19, humpa kila mtu uhuru wa imani, wala haisemi imani hiyo lazima iwe na kitabu. Sensa yetu ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya mwaka 1967. Hata hivyo fomu nyingine bado huuliza, na mwenye kalamu anaweza kuandika "dini ya jadi". Hayo ni maneno mawili tu zaidi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mstari wa pili wameketi wazee wanaojua slufay, sala ya Kiiraqw ambayo mzee hutamka na watu wote huitikia. Naomba uwaruhusu waiombe kabla ya prasad kugawiwa. Kuitikia si kugumu, watatufundisha.