Tuisheni Imesamehewa, Michango Imebaki: Namna ya Kusoma Ankara ya Chuo cha Umma Marekani



Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alipata barua kutoka chuo kikuu kimoja cha umma huko Marekani. Amekubaliwa shahada ya uzamili, na kwa kuwa atasaidia kufundisha, amesamehewa tuisheni yote. Nyumbani pilau likapikwa. Agosti ikaja ankara ya muhula wa kwanza. Mstari wa tuisheni kweli ulisoma sifuri. Chini yake ikafuata mistari mingine tisa: maktaba, teknolojia, mabasi, jengo la wanafunzi, uwanja wa michezo, bima ya afya, mpaka ada ya kuwa mgeni. Jumla ilipita dola 2,000. Dada akanipigia: "Kaka, si walisema wamesamehe? Sasa hii nini?"

Kosa lilikuwa letu sote, na limeanzia kwenye lugha. Kwetu "ada" ni kapu moja, na "tuisheni" ni yale masomo ya jioni ya kulipia. Huko tuisheni ni malipo ya kufundishwa, basi. Mengine yote yana jina lake, na mimi nitayaita michango, makusudi. Kila mzazi wa Tanzania anajua: mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa, lakini dawati, mlinzi na uji viliendelea kudaiwa katika shule nyingi, hata Rais Magufuli akapiga marufuku michango hiyo Januari 2018. Kinachofutwa kwa tangazo huwa ni mstari mmoja wa ankara.

Hakuna mahali palipoonyesha hilo waziwazi kama Massachusetts. Kwa miaka mingi, pale University of Massachusetts Amherst, mkazi wa jimbo alilipa tuisheni ya dola 1,714 kwa mwaka. Haikupanda hata senti, huku michango ikipaa hadi kuvuka dola 10,000. Siri yake ni ya kihasibu tu: tuisheni ya wakazi ilikwenda hazina ya jimbo, michango ilibaki chuoni. Ungekuwa wewe ndiye mkuu wa chuo na paa linavuja, ungepandisha ipi? Mwaka 2004 jimbo likaanzisha tuzo ya John and Abigail Adams kwa wanaofanya vizuri mtihani wa jimbo: miaka minne bila tuisheni. Familia zikashangilia, kisha zikagundua kwamba zawadi yenyewe ni zile zile 1,714. Chuo kilikuja kuunganisha tuisheni na michango ya lazima mwaka 2016. Bei ikawa moja, lakini thamani ya tuzo haikukua pamoja nayo.

Sasa mtoto wetu. Yeye ni mgeni mara mbili, wa nchi na wa jimbo. Vyuo vya umma huwatoza wa nje ya jimbo zaidi kwa hoja kwamba wazazi wao hawalipi kodi pale. University of Michigan, kwa mfano, huwatoza zaidi ya mara tatu ya mkazi. Na viza ya mwanafunzi kwa kawaida haimgeuzi mtu kuwa mkazi, hata akimaliza miaka minne mji ule ule. Ndugu zetu Wakongomani waliopewa hifadhi ya ukimbizi huko Boise, Idaho, wana njia nyingine: wakishatambuliwa kuwa wakazi wa jimbo hilo, watoto wao wanaweza kuvuka hadi vyuo vya majimbo jirani ya magharibi vilivyo kwenye mpango wa pamoja, kwa bei isiyozidi asilimia 150 ya ile ya mkazi. Mpango huo sisi wa huku hautuhusu.

Unaotuhusu ni wa Texas. Sheria ya jimbo hilo inaruhusu chuo cha umma kumtoza mgeni bei ya mkazi iwapo ameshindania na kupata tuzo ya chuo isiyopungua dola 1,000. Nafasi zina kikomo, lakini hesabu yake ni tamu: tuzo ndogo kama ile inaangusha maelfu. Mwanafunzi akiletewa tuzo ya dola 1,000 na nyingine ya dola 3,000 kutoka jimbo jingine, asikimbilie kubwa kabla ya kuuliza ile ndogo inafungua mlango gani.

Kinyume chake pia kipo. Upo msamaha unaofuta kiasi anacholipa mkazi tu, na mgeni akaachiwa tofauti. Barua inasema "msamaha wa tuisheni" bila kudanganya. Wasaidizi wa kufundisha wa University of Illinois pale Urbana-Champaign waligoma siku mbili Novemba 2009 wakitaka misamaha yao ilindwe, na niliposoma habari hizo nilidhani wanalalamikia kitu kidogo. Nimeomba radhi kimoyomoyo.

Kwa hiyo kabla ya pilau, mwanafunzi aandike baruapepe ya sentensi mbili kwa ofisi ya fedha. Msamaha huu unafuta mistari ipi? Na tuisheni inayofutwa ni ya mkazi au ya mgeni?

Nimeleta nakala za ankara ile, jina nimelifuta. Zigaweni, mchukue kalamu, na kila kikundi kipigie mstari kila kitu ambacho barua ya msamaha haikukitaja. Tuna dakika 15 kabla ya chai.