Mashine Inapokataa Kurudi Nyuma

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Kisiwa cha Mafia

Leo nitazungumza nanyi juu ya kompyuta iliyoharibika, na juu ya dawa iliyomo ndani ya kompyuta hiyo hiyo, ambayo mara nyingine hukataa kufanya kazi.

Najua yupo asemaye moyoni mwake, "Mimi juzi tu nimejua kuandika jina langu, kompyuta yanihusu nini?" Yakuhusu, bibi. Jina hilo ulilojifunza kuliandika huenda limo ndani ya kompyuta ya kikundi chako cha kuweka na kukopa, na mbele ya jina pana hesabu ya fedha zako. Mashine hiyo ikifa, wewe ndiwe utakayeulizwa ulikuwa na kiasi gani.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama hapa kisiwani kilikuwa na kompyuta ya kupakata, ambayo betri yake ilikuwa imekwisha kufa, ikawa yategemea waya wa umeme tu. Usiku mmoja mashine ilikuwa ikijiwekea marekebisho ya Windows, na umeme ukakatika. Asubuhi ilipowashwa haikufika mwisho. Ilizungusha vidoti vyake, ikazima, ikawaka tena, ikazima. Wakaniita mimi, kwa kuwa nina diploma. Diploma yangu si ya kompyuta, lakini sikuwaambia. Nikachagua ile dawa ya kuirudisha mashine ilivyokuwa siku za nyuma. Ikafanya kazi kwa muda, kisha ikaandika kwamba imeshindwa, na chini yake namba ndefu. Sikuisoma. Nikajaribu tena, ikashindwa tena. Kwa hasira nikachagua dawa nyingine, ya kuianza mashine upya. Ikaniuliza swali: nitunze faili zako, au niondoe kila kitu? Nikabonyeza jibu la pili kabla sijasoma mpaka mwisho wa mstari. Baadaye mashine iliwaka vizuri kabisa, tupu kama nyumba iliyohamwa. Hesabu za miaka mitatu hazikuwamo.

Nitarudi kwa akina mama hao. Kwanza tuitazame dawa yenyewe.

Mvuvi akizamisha dema lake hufunga boya juu, ili kesho ajue pa kurudi. Windows nayo imekuwa na desturi kama hiyo tangu mwaka 2000. Kabla ya kuwekewa programu mpya au marekebisho makubwa, huweka alama ya hali yake ya siku hiyo. Mambo yakiharibika, unaiambia irudi kwenye alama. Lakini mvuvi asiyefunga boya hatalipata dema, hata awe hodari namna gani. Katika kompyuta nyingi desturi hiyo huwa imezimwa, na mwenyewe hajui mpaka siku ya msiba. Pengine alama zilikuwapo, lakini nafasi zilizotengewa ni ndogo, na alama mpya zikazifuta za zamani. Mashine ya namna hiyo haina ugonjwa wa kurudi; haina tu mahali pa kurudi.

Na wengi hukosea hapa, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Kurudi kwenye alama hurudisha mashine, yaani programu zake na mipangilio yake. Hakuleti barua uliyoifuta, wala hakufuti barua uliyoiandika jana. Mtu anayetafuta hesabu zilizopotea kwa njia hiyo anatafuta nazi juu ya mwembe.

Sasa, mashine imeandika kwamba imeshindwa. Usibonyeze kitu. Chukua kalamu na karatasi. Chini ya maneno utaona namba inayoanza na sifuri na herufi x. Inakili kama ilivyo, tarakimu kwa tarakimu. Si lazima ujue maana yake. Mtu aliyejifunza kunakili kwa uangalifu, kama ninyi mlivyojifunza, ataifanya kazi hii vizuri kuliko nilivyoifanya mimi.

Zipo namba nyingi, nami nitazitaja tatu. Ya kwanza ni 0x80070005. Maana yake mashine imenyimwa ruhusa ya kugusa faili fulani. Mara nyingi anayezuia ni programu ya kinga ya virusi, ambayo hufanya kama mlinzi wa lango asiyemjua mwenye nyumba. Izime kwa muda, kisha jaribu tena.

Ya pili ni 0x80070070. Hii yasema diski imejaa. Hamishia picha na video kwenye flashi, uhakikishe zinafunguka huko, ndipo uzifute kwenye mashine.

Ya tatu ni 0x80070570, na hii ndiyo mbaya. Faili limeharibika, au diski yenyewe imeanza kuchoka, na mashine haiwezi kulisoma. Nakili kwanza hesabu na barua zako mahali pengine, maana diski iliyochoka huweza kufa wakati inapotibiwa. Kisha, ikiwa Windows bado inawaka, fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, uandike chkdsk C: /r na kubonyeza Enter. Mashine itasema diski inatumika, itauliza kama iikague itakapowashwa tena. Jibu kwa herufi Y, kisha uiwashe upya. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi, basi usiianze siku ambayo umeme una mashaka. Ikimalizika, andika amri ya pili, sfc /scannow, ambayo hukagua faili za Windows na kuzitengeneza zilizoharibika.

Ikiwa bado mashine hairudi, jaribu kuirudisha kutoka nje ya Windows, mahali ambapo ile programu ya kinga haifanyi kazi. Shikilia kitufe cha Shift unapochagua kuwasha upya. Utaletewa ukurasa wa machaguo. Ingia penye kutatua matatizo, kisha machaguo ya ziada, na humo utaikuta tena ile dawa ya kurudi kwenye alama. Mashine isiyowaka kabisa, aghalabu huufungua ukurasa huo yenyewe baada ya kushindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo.

Hapo huenda ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Usishtuke, si wezi. Diski imefungwa kwa siri, na ufunguo mara nyingi umewekwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeitayarisha mashine mara ya kwanza. Kwa hiyo ulizaneni leo kikundini: akaunti ni ya nani? Ikiwa ni ya kijana aliyekwisha hamia Dar es Salaam, mpigieni simu sasa, wakati mashine ingali nzima, aandike tarakimu hizo nanyi mzihifadhi kwenye karatasi.

Dawa ya kuianza mashine upya iwe ya mwisho. Hata ukichagua faili zitunzwe, programu ulizoziweka mwenyewe zitaondoka. Kabla ya kuigusa, mpe fundi nafasi. Fundi aweza kuiwasha mashine kwa flashi yenye mfumo mwingine kama Ubuntu, au kuitoa diski na kuiunga kwenye mashine nyingine, akanakili hesabu zenu. Ndiyo, kuvuka mpaka Nyamisati na kuendelea hadi Dar es Salaam kuna gharama. Mimi nilijiona nimewaokolea nauli akina mama wale.

Walipopata habari hawakunipigia kelele. Mwenyekiti aliniambia, "Mwalimu, keti," akatuma watoto nyumba hadi nyumba. Kila mwanachama akaja na kitabu chake cha hisa. Tukaketi siku mbili, mmoja akisoma, mmoja akiandika, na kurasa zilizoandikwa kwa mkono na watu waliojifunza kusoma wakiwa na wajukuu zikairudisha hesabu karibu yote. Kitabu kimoja kilikuwa kimeingia maji ya bahari ndani ya mtumbwi, na malipo ya miezi miwili hayakusomeka. Mwenye kitabu akataja kiasi. Wenzake wakakiandika kama alivyosema, isipokuwa mmoja aliyekataa kutia sahihi, na mpaka leo hao wawili hawasalimiani. Nimekwenda kuwapatanisha mara mbili, bila kufaulu.

Sasa fungueni daftari zenu. Mwalimu ataandika ubaoni zile namba tatu. Nakilini kila moja mara mbili, kisha mpeane daftari, kila mtu asahihishe ya mwenzake tarakimu kwa tarakimu. Juma lijalo tutajifunza kuhifadhi nakala ya hesabu kwenye flashi, kwa hiyo kila kikundi chenye flashi kije nayo. Kwaherini.