Kiraka cha Nguo Ileile: Kutibu Sauti Inayokatika Tunapohamisha Mikanda ya Video

Kila anayehamisha mikanda ya video kwenda kwenye kompyuta amekutana na tatizo hili: picha inakwenda vizuri, bibi harusi anaingia ukumbini, msemaji anashika kipaza sauti, mara sauti inazimika, inarudi, inazimika tena. Wengi wetu hukimbilia programu ya kuhariri ili kuziba pengo au kulifunika kwa muziki. Hoja ya mada hii ni kwamba huko ndiko mahali pa mwisho pa kwenda. Sauti inayokosekana kwenye faili mara nyingi bado ipo kwenye mkanda. Imepotea njiani, kati ya hedi ya deki na diski ya kompyuta. Tiba yake ni kurudi kuichukua, na kiraka kinachostahili kushonwa ni kile kilichokatwa kwenye nguo ileile.

Tuanze na mkanda wenyewe, maana ndio unaosingiziwa kwanza. Mkanda wa VHS, mfumo ulioletwa na JVC mwaka 1976, una upana wa milimita 12.7. Picha huandikwa kwa mistari ya mshazari na hedi zilizofungwa kwenye ngoma inayozunguka mara 25 kwa sekunde katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika kwetu Afrika Mashariki. Sauti ya kawaida haimo katika mistari hiyo. Imelazwa ukingoni, kwenye njia yenye upana wa milimita moja tu, nayo husomwa na hedi nyingine isiyozunguka, huku mkanda ukipita kwa milimita 23.39 kwa sekunde, karibu nusu ya kasi ya kaseti ya redio. Ukingo ndio unaojikunja kwanza, ndio unaokwaruzwa na deki mbovu, ndio unaoshika vumbi. Tena deki ina sakiti inayoficha mapengo ya picha kwa kurudia mstari uliotangulia, lakini sauti ya ukingoni haina mlinzi wa namna hiyo. Jicho husaidiwa, sikio huachwa lijitegemee, na ndiyo maana picha safi si ushahidi kwamba sauti ni nzima. Deki za Hi-Fi za miaka ya 1980 ziliongeza njia ya pili ya sauti, iliyoandikwa chini ya picha na kusomwa na hedi zinazozunguka. Sauti hiyo ni nzuri mno, ila hedi ikikosa shabaha kidogo huanza kuvuma, na deki huruka yenyewe kwenda kwenye sauti ya ukingoni, kisha hurudi. Msikilizaji husema sauti inakatika, kumbe deki inabadilisha njia. Dawa ni kuilazimisha isome njia moja, kwanza Hi-Fi baada ya kurekebisha trekingi, yaani shabaha ya hedi, kisha ile ya ukingoni, na kuzihifadhi zote mbili. Mkanda wa namna hii umebeba mashahidi wawili wa tukio moja, na si haki kumsikiliza mmoja tu.

Kuna chanzo kingine ambacho hakipewi uzito unaostahili. Baadhi ya deki zimepangwa kutoa skrini ya buluu kila zinapoona mawimbi ya picha yamedhoofika, na zinapofanya hivyo huzima na sauti, hata kama sauti yenyewe haina kasoro yoyote. Mpangilio huo ulikusudiwa kumwondolea mtazamaji kero ya chenga na makelele. Kwa anayehifadhi kumbukumbu, ni mkono unaomziba msemaji mdomo. Uzimwe kwenye menyu kabla mkanda wa kwanza haujaingizwa.

Tutajuaje basi kosa liko wapi? Kipimo ni rahisi na hakigharimu kitu: rudisha mkanda nyuma kidogo, nasa sehemu ileile mara ya pili, ulinganishe. Pengo likirudi palepale, kwenye silabi ileile, mkanda au deki ndiyo yenye neno, na mkanda ukijaribiwa kwenye deki nyingine itajulikana ni ipi kati yao. Pengo likihama, mkanda hauna hatia. Kosa liko kwenye waya, kifaa cha kunasia au kompyuta. Kipimo hiki kinatenganisha matatizo mawili yanayosikika sawasawa ingawa tiba zake hazikutani popote, na anayekiruka anaweza kushinda kutwa nzima akisafisha hedi kwa spiriti ilhali mgonjwa ni kompyuta.

Upande wa kompyuta unahitaji hesabu kidogo. Picha ya PAL isiyobanwa, fremu 25 kwa sekunde, huingia kwa takriban megabaiti 20.7 kila sekunde, yaani kama gigabaiti 75 kwa saa. Diski iliyolemewa, programu ya kuzuia virusi inayoamka katikati ya kazi, au kifaa kilichochomekwa kwenye kigawanyio cha USB pamoja na vingine vitatu, vyote huweza kuchelewesha mtiririko huo, na kinachochelewa hutupwa. Sauti ikichukuliwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, muda wa fremu moja ni sampuli 1,920. Programu nyingi za kunasa huonyesha idadi ya fremu zilizotupwa, na namba hiyo ikipanda wakati uleule sauti inapokatika, mwizi amepatikana. Lakini hata fremu zisipotupwa, saa mbili za ndani zinaweza kugombana: ya kifaa cha picha na ya kadi ya sauti. Tuseme zinatofautiana kwa sehemu 50 katika milioni. Baada ya saa mbili sauti itakuwa imeachana na picha kwa sekunde 0.36, sawa na fremu tisa. Programu nyingine hujaribu kuzipatanisha kimyakimya kwa kukata vipande vya sauti hapa na kuongeza pale, na mlio wa “tik” unaosikika ni alama ya wembe huo. Afadhali kuizuia programu isirekebishe chochote wakati wa kunasa, au kupitisha picha na sauti kwenye kifaa kimoja, kisha tofauti iliyobaki isawazishwe kwa kuvuta sauti nzima kwa uwiano mmoja.

Wapo watakaosema kwamba jitihada zote hizi zimepitwa na wakati, kwa kuwa programu za leo zinaweza kukisia sauti iliyokosekana na kuijaza bila mtu kutambua. Kwa mkwaruzo wa elfu chache za sekunde, hoja hiyo nakubaliana nayo. Kwa pengo la silabi nzima naipinga kwa nguvu, na ushahidi wangu ni lugha yetu yenyewe. Kiswahili hubebesha ukanushi kwenye silabi ya mwanzo wa kitenzi: “nitalipa” na “sitalipa” hutenganishwa na silabi moja, “atarudi” na “hatarudi” na sauti moja. Pengo la sehemu ya tano ya sekunde kwenye mkanda wa usuluhishi wa ukoo au wosia wa mzee linatosha kumeza kukataa kwake, na programu inayokisia haina njia ya kujua alichosema. Vivyo hivyo kwa shairi lenye mizani kumi na sita. Silabi ikitoka mshororo unachechemea, na silabi ya kubuni ikiingia hesabu inatimia huku mtunzi amewekewa neno mdomoni. Kujaza kwa kukisia ni kutoa ushahidi kwa niaba ya mtu asiyekuwepo kuukanusha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kurudia mkanda ni kuuchakaza. Ni kweli, na mkanda wenye kuvu, ambao si ajabu kwenye unyevu wa Zanzibar, Tanga au Mombasa, usichezwe hata mara moja kabla ya kusafishwa, maana huchafua hedi na kuambukiza mkanda unaofuata. Lakini sipendekezi kurudia saa tatu kwa ajili ya pengo moja. Dakika mbili kuzunguka pengo zinatosha. Mkanda mzima wa afya unastahimili hilo, na mkanda dhaifu ndio hasa usiofaa kuachwa na nakala yenye matundu, kwa kuwa huenda usikubali tena kuchezwa. Kuhusu gharama, ni kweli kwamba vifaa vingine, kama kile cha kusawazisha mawimbi ya picha, ni ghali kwa duka dogo. Ila hatua nyingi nilizotaja hazihitaji pesa bali subira.

Subira hiyo ina kikomo cha nje. Funai, kampuni ya Japani, iliacha kutengeneza deki za VHS mwaka 2016, na mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha nyaraka za sauti na picha, walitangaza tahadhari kuhusu mikanda ya sumaku, wakiutaja mwaka 2025 kama ukingo wa matumaini. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Harusi, maulidi au mkutano wa kijiji uliorekodiwa huko kabla ya hapo hauna pacha kwenye maktaba ya kituo chochote cha Bara. Mkanda ulio kabatini ndio wenyewe.

Kwa hiyo faili la kwanza lihifadhiwe kama lilivyotoka, bila kuguswa, na viraka viwekwe kwenye nakala. Maelezo yanayoambatana nayo yataje dakika na sekunde ya kila kiraka na kilikotoka: unasaji wa pili, deki nyingine, au njia ya ukingoni. Na pale ambapo deki mbili na majaribio matatu hayakupata kitu, pengo liachwe likiwa kimya, liandikwe kuwa ni pengo, ili anayesikiliza ajue kwamba hapo palikuwa na neno.