Dawa ya Pamba na Kizazi Chetu
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi ya Chama



Katika miaka kumi hii nimeandika stakabadhi nyingi za dawa ya pamba mliyokopeshwa. Nakiri mbele yenu kwamba sikuwaonya hata mara moja. Neno lenyewe "dawa" lilinidanganya. Dawa huponya, na hii ni sumu.

Mwaka 1977, huko Lathrop, California, nchini Marekani, wanaume waliokuwa wakitengeneza DBCP, sumu ya kuulia minyoo ya ardhini, walizungumza wao kwa wao wakatambua kuwa wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, baadhi yao walionekana wana mbegu chache mno za uzazi, na wengine hawana kabisa. Msiba huo uliwafika pia wafanyakazi wa mashamba ya ndizi nchini Costa Rica. Basi tusiwe wepesi wa kumlaumu mke kila nyumba inapokosa mtoto.

Wala aliye tumboni hakusalimika. Katika bonde la Salinas, California hiyo hiyo, wataalamu waliwapima mkojo wajawazito wa jamii ya wafanyakazi wa mashamba. Mwaka 2011 walitangaza kwamba watoto wa wale waliokutwa na masalio mengi zaidi ya sumu za oganofosfeti, walipofika umri wa miaka 7, walikuwa nyuma kwa alama 7 hivi katika kipimo cha akili, wakilinganishwa na watoto wa wale waliokutwa na masalio machache zaidi.

Sumu hupita katika ngozi, pumzi na kinywa, nayo hufuatana na nguo hadi nyumbani. Kwa hiyo naomba mkutano uazimie haya: mjamzito, mama anyonyeshaye na mtoto wasichanganye dawa wala kunyunyizia; mnyunyiziaji aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mwanawe, na nguo hizo zifuliwe peke yake; bomba lisioshwe kisimani; chupa tupu itobolewe na kurudishwa ghalani, isitiwe maji wala mafuta ya kula.

Nami, tangu msimu ujao, sitatia sahihi stakabadhi yoyote kabla ya kumsomea mwanachama maonyo yaliyoandikwa katika chupa. Nikisahau, nikumbusheni.