Idi Amin na Daftari la Majina

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kimuka)



Mkutano uliopita yalizuka mabishano hapa, wala hayakwisha. Vijana wetu wawili walisema ya kuwa nchi hii yahitaji mtu mkali, mtu kama Idi Amin wa Uganda, aliyewatia matajiri adabu. Mzee mmoja akajibu, "Mwacheni huyo, historia imekwisha kumhukumu." Halmashauri ya tawi ikatutuma tuyachungue maneno hayo. Twasema tangu mwanzo ya kuwa vijana wamekosea sana, na mzee wetu, kwa heshima zote, amekosea kidogo.

Tuanze na mzee. Amin alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, na watu wa Kampala walicheza ngoma barabarani kwa furaha. Akatawala mpaka Kampala ilipotekwa, tarehe 11 Aprili 1979, na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa wamekimbia kwao. Hesabu kamili ya waliouawa haipo. Wengi hutaja hata watu 300,000. Sasa twauliza: alihukumiwa wapi? Hakuna mahakama iliyomwita. Alikwenda Libya, kisha Saudia, akakaa huko akila na kulala, akafia hospitalini Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Historia hiyo iliyomhukumu ilikuwa na askari gani, na jela gani?

Historia, ndugu zangu, ni karatasi na vinywa vya watu. Mwaka 2015 zilipatikana katika shirika la utangazaji la Uganda picha za zamani zipatazo 70,000, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, mwaka 2019. Mna mikutano, mna sherehe, mna Amin akicheka. Wanaouawa hawamo. Mtu akizitazama picha hizo peke yake atadhani Uganda ilikuwa arusini miaka minane.

Lakini kuna karatasi nyingine. Mwaka 1974, kelele zilipozidi juu ya watu waliopotea, Amin mwenyewe aliunda tume chini ya Jaji Mohamed Saied. Bila shaka alitaka kujisafisha. Wakaja mashahidi 545. Hebu fikirini: mwenye bunduki yuko Ikulu bado, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikwisha kukamatwa ndani ya Mahakama Kuu Septemba 1972 asirudi tena, na mwanamke anasimama mbele ya tume, anataja jina la mumewe, siku aliyochukuliwa na mahali alipochukuliwa. Zikaandikwa habari za watu 308, na lawama ikaangukia vikosi vya usalama alivyoviunda Amin mwenyewe. Ripoti haikutangazwa, na mauaji yaliendelea. Hata hivyo majina yalikwisha kuandikwa. Hukumu tuliyo nayo leo juu ya Amin ilianza kwa wanawake wale, wala hawakungoja afe.

Sasa vijana. Wahindi walifukuzwa mwaka 1972, wakapewa siku tisini. Hata hapa Kenya wako waliopiga makofi, tusifiche. Je, maduka alipewa mfanyakazi? Yaligawiwa askari na rafiki zao. Wengine hawakujua hata bei ya shati walilokuwa wakiuza. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadhoofika, na nchi iliyokuwa na sukari ikapanga foleni ya sukari. Mfanyakazi akapoteza tajiri, akapoteza na mshahara.

Tena ubabe huo haukukaa Uganda. Februari 1976 Amin alidai ya kuwa sehemu kubwa ya Kenya ni yake, mpaka maili ishirini hivi kutoka Nairobi. Alishika neno la zamani, kwani kabla ya mwaka 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulifika hata Naivasha. Sisi wa Kimuka tutazamao Bonde la Ufa tungeamka tukaambiwa mpaka uko nyuma ya boma la ng'ombe! Waliomjibu upesi ni wafanyakazi: watu wa bandari ya Mombasa walikataa kushika shehena za Uganda. Jambo hilo vijana hawakulitaja.

Tusiwacheke majirani sana. Hatusemi Kenya ilikuwa na Amin, hapana. Lakini mwaka 1980 Rais Moi alikipiga marufuku chama cha watumishi wa serikali, kikakaa kimya zaidi ya miaka ishirini. Na chini ya jumba la Nyayo, Nairobi, watu walifungiwa katika vyumba vyenye maji, wakapigwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Mei 2013. Nani humu ndani ameishika mkononi? Twaona hakuna mkono.

Basi halmashauri imenunua daftari. Liko mezani kwa karani. Mwenye baba au mjomba aliyefanya kazi ya reli au ya shamba Uganda miaka ile, asirudi, na aje aandikishe jina, kazi aliyofanya, na siku aliyoonekana mwisho. Aliyefungwa hapa kwetu kwa ajili ya chama, vivyo hivyo. Asiyejua kuandika atasema, karani ataandika, kisha atasomewa ahakikishe. Mzee wetu wa mkutano uliopita ametuambia asubuhi hii ya kuwa ana jina moja la ndugu yake, na ameomba awe wa kwanza.